Vipimo Viko Sawa

Habari za kifo cha Nasimiyu zilinikuta juu ya tangi la maji, nimesimama kwenye ngazi ya chuma nikibishana na fundi kuhusu weldi iliyokuwa ikivuja. Aliyepiga simu ni mume wake. Alisema maneno machache: kwamba ametutoka jana mchana, kwamba mazishi ni Jumamosi kwao upande wa Chwele, na kwamba alipokuwa akipitia simu ya marehemu kutafuta watu wa kuarifu, alinikuta nimehifadhiwa kwa jina la "Shiru wa ramani", ndiyo maana hakuwa na hakika ananiita nani. Nilimwambia ni mimi. Nilishuka nikamwacha fundi na weldi yake. Karibu miaka ishirini mtu amekuweka hivyo, amebadilisha simu sijui mara ngapi, jina halijabadilika. Wengine huitwa kwa watoto wao, wengine kwa kazi zao. Mimi kwake nilibaki wa ramani, na ramani yenyewe ilikuwa moja tu.

Mwaka ule, 2006, nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi, mwenye haraka ambayo hata leo siwezi kueleza ilikuwa ya kwenda wapi. Mradi wa chuo ulitupangia chumba kimoja Tuwan, pale Kitale, mimi na Nasimiyu, ambaye alikuwa amemaliza shahada ya sosholojia na kunizidi miaka mitatu. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, stovu ya mafuta ya taa, na ukuta mmoja wa plaiwudi. Nyuma ya plaiwudi waliishi mke na mume ambao ugomvi wao wote tuliujua kwa mpangilio. Mume alianza kila sentensi kwa "Si nilikwambia?" Sufuria ikiungua, si nilikwambia. Mvua ikilowesha nguo kwenye kamba, si nilikwambia. Sisi tukaifanya yetu. Nikimwaga chai, Nasimiyu alikuwa akigonga plaiwudi kwa kidole na kunong'ona kwa sauti nzito, "Si nilikwambia?" nasi tukacheka tukiziba midomo kwa khanga. Zamu yake ya kupika ilikuwa mrenda na ugali wa wimbi, yangu, mukimo. Alikula mukimo wangu wote huku akiulalamikia. "Watu wenu hamwezi kuacha chakula ikae vile Mungu aliumba," alikuwa akisema. "Lazima muiponde ndio mpate amani."

Amani ndiyo hasa sikuwa nayo. Nilikuwa siwezi kukaa. Nilikunywa chai nikiwa nimesimama, nilifungasha begi siku mbili kabla ya safari, na tulipokuwa Bungoma nilitaka turudi Kitale, tukifika Kitale nikaanza kuuliza lini tunakwenda Bungoma. Nasimiyu alisema nikizikwa nitaomba jeneza lenye magurudumu. Sikuona kosa. Niliamini kwamba dunia imejaa watu wanaokisia, na kwamba mimi nimeletwa kupima.

Mradi ulikuwa wa namna yake. Uliwaweka pamoja wahandisi, watu wa huduma za umma, watu wa haki za jamii na watu wa usalama, na Daktari, mhadhiri wetu aliyeuongoza, alipenda kusema kwamba maji ni yale yale, ila kila idara imekuja na ndoo yake. Swali lilikuwa rahisi: kwa nini akina mama wengine wanaipita chemchemi iliyojengewa vizuri karibu na kwao na kwenda kuteka mbali? Sisi wahandisi tulisema mfereji umevunjika. Watu wa huduma walisema kamati imelala. Watu wa haki walisema kuna aliyenyimwa. Watu wa usalama walisema ni hofu ya njia, maana siku zile kule mlimani kulikuwa na vijana wenye bunduki, na hofu ilikuwa ikiteremka mpaka mashamba ya chini. Kila mmoja alikuwa na ukweli wake kidogo, na Daktari alitaka kuujumlisha.

Kazi tuliifanya wawili wawili. Nasimiyu aliingia ndani na hojaji, akakaa na mama mwenye nyumba peke yao. Mimi nilibaki nje. Ukurasa wa kwanza wa hojaji ulikuwa ahadi: hatuandiki jina lako, wala la mume wako, wala la kijiji. Nasimiyu aliisoma ahadi ile kwa Kibukusu, polepole, na kabla ya kuisoma aliiweka kalamu chini mezani, ili mama auone mkono wake mtupu. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Nilimwona mara nyingi kupitia mlango ulio wazi, viganja vyake viwili juu ya meza, na nakumbuka nikiwaza kwamba anapoteza muda.

Mimi nilikuwa na futi ya kamba, jagi la lita tano la kupimia kasi ya maji, na GPS, kidude cha manjano chenye ukubwa wa redio ndogo, kinachosoma mahali ulipo kutoka angani. Maagizo yalikuwa wazi. GPS ni ya chemchemi tu, kwa sababu chemchemi ni ya umma. Umbali kutoka chemchemi hadi nyumbani tuliambiwa tuuhesabu kwa hatua. Hatua! Hatua za nani? Nasimiyu alikuwa mrefu, mimi mfupi. Kwake hatua mia, kwangu mia na thelathini. Niliona aibu kuandika namba kama hizo kwenye tasnifu ya uhandisi. Basi wiki ya pili, bila kuagizwa na mtu, nikaanza kupima nukta kwa GPS kwenye mlango wa kila nyumba tuliyoingia. Nasimiyu aliniuliza mara moja tu, tukiwa kwenye baiskeli mbili za bodaboda, zile za kiti chenye sponji na vishada vya rangi, waendeshaji wakihema kupanda mlima.

"Shiru, hiyo kitu yako inaandikanga nini?"

"Namba tu."

"Namba ya nini?"

"Ya mahali. Haina jina ya mtu."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, kwa sababu aliniamini. Nami sikumdanganya. Hilo ndilo limenisumbua kuliko uongo wowote niliowahi kusema maishani.

Mama Barasa tulimfikia siku ya mvua, kwenye kilima kilicho juu ya Chwele. Alikuwa mjane wa makamo, mkunga, na boma lake lilikuwa na kitu ambacho hukioni mara nyingi: jiko kubwa kuliko nyumba. Marehemu mumewe alilijenga hivyo kwa sababu wanawake waliokuja kujifungua walilala humo, karibu na moto. Mvua ilikuwa nyingi. Nasimiyu akaingia jikoni na hojaji yake, mimi nikajibanza chini ya ukingo wa mabati, mkono mmoja nimeunyoosha kwenye mvua ili kidude kione anga. Kwa kanuni nilipaswa kuwa mbali, kule chini chemchemini. Kwa sababu ya mvua nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye moto, na nilisikia kila kitu.

"Wanakujanga wanne, saa ingine watano," Mama Barasa alisema. "Wanatoka juu, wanapita na balabala ya msitu. Wanasema mama, tupikie. Sasa nitasema nini? Napika."

"Unawajua, mayi?" Nasimiyu aliuliza, akimwita mama kwa Kibukusu.

"Mmoja ni mimi nilimpokea akizaliwa. Alikuja miguu mbele. Nilihangaika na yeye mpaka asubuhi."

Niliusikia moto.

"Nikiambia serikali, hawa watajua ni mimi. Nikinyamaza, siku moja serikali itasema mimi ndio nawalisha. Wewe ungefanya nini, mwanangu?"

Hojaji haikuwa na nafasi ya swali linalotoka upande ule. Mama Barasa akauliza tena, kwa sauti ya chini, "Na jina yangu hutaandika?"

"Sitaandika, mayi."

Wakati huo huo kidude mkononi mwangu kikalia mlio mfupi. Kilikuwa kimepata setilaiti za kutosha. Makosa ya mita tatu tu. Ilikuwa nukta yangu nzuri kuliko zote za mwezi ule, na nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi pale pale mlangoni, maneno ya yule mama yakiwa bado hayajapoa masikioni mwangu. Nikabonyeza kuhifadhi.

Alitoka akanikuta nimelowa. "Wewe injiniya, unapima nini kwa mlango yangu? Maji iko kule chini."

"Napima umbali, mama."

"Umbali iko hapa kwa shingo," alisema akijigusa shingo iliyobeba mitungi miaka yote ile. "Ingia unywe chai, utaugua bure."

Nikaingia. Jiko lilikuwa na joto la kitu kilichokaliwa na watu. Tulikula ndizi za kuchemsha na maharagwe, tukanywa chai ya maziwa ya ng'ombe wake mmoja mweupe, na alinicheka nilipokula nimesimama. Akanivuta blausi nikaketi. Sijui kwa nini nakumbuka kigoda kile. Kilikuwa na mguu mmoja mfupi, na mara hii moja sikutaka kuinuka.

Daktari alipoziona nukta zangu kwenye kompyuta, wiki ya mwisho ya ukusanyaji, alisema hii sasa ndiyo kazi ya chuo kikuu. Wazo la rangi lilikuwa lake. Kila nyumba iliyosema haijawahi kutembelewa na watu wenye silaha, nukta ya kijani. Kila iliyosema imetembelewa, nyekundu. Tuone kama hofu na umbali wa maji vinakwenda pamoja. Vilikwenda pamoja, kwa njia ya kupendeza mno kwa macho ya mtu aliyesoma hesabu. Ramani ilichapishwa kwenye karatasi ya kung'aa, upana wa meza ya kulia chakula. Nilisafiri nayo kutoka Kitale hadi Bungoma imekunjwa kwenye bomba la plastiki, nimeipakata kama mtoto. Nasimiyu alikuwa ametangulia Bungoma kuandaa mkutano. Hakuwa ameiona.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa moja. Walikuja maafisa wa wilaya, watu wa maji, machifu, na watu wa usalama, wengine wakiwa na sare na wengine bila. Ramani tuliibandika ukutani kwa selotepu. Nilizungumza dakika kumi, na nilizungumza vizuri. Mpaka leo nikiwa mbele ya watu hujikuta nikizitafuta zile dakika kumi. Kisha Daktari akawaita watu kwenye soda na mandazi, nao wakaja kuizunguka ramani na chupa mkononi. Mwanzoni walikuwa wanatafuta mto. Kisha barabara. Kisha kanisa. Halafu mzee mmoja akasema, "Sasa kama hii ni kanisa, hii si ni kwa mwalimu?" na mwenzake akasema ndiyo, bana, ni kwa mwalimu, na hii ni kwa yule wa mashine ya kusaga. Wakaanza kucheka. Ikawa mchezo. Kila mtu alitaka kutambua nyumba moja. Nilisimama pembeni nikitabasamu, kwa sababu nilidhani wanaisifu kazi yangu, na kweli walikuwa wanaisifu.

Afisa mmoja mnene, mpole, ambaye asubuhi alikuwa amenivutia kiti, aliweka kidole kwenye nukta nyekundu iliyo juu kabisa. "Injinia, hii kazi ni safi. Na hapa ninapajua. Si ni kwa ule mama mkunga? Ako na jiko kubwa kushinda nyumba." Akageuka kwa wenzake. "Kumbe huyo naye wanamtembelea?"

Alisema bila ubaya wowote. Alikuwa mtu aliyefurahi kujua kitu. Nasimiyu alikuwa nyuma yake na chupa ya soda. Niliuona uso wake ukienda kwenye kidole, kisha kwenye nukta, kisha kwenye zile nukta nyingine zote, moja moja, nyumba alizoketi na mikono mitupu juu ya meza. Akaweka chupa chini sakafuni. Akapita katikati ya wale wazee, akaibandua ramani, pembe mbili zikachanika.

"Mnisamehe, wazee wangu," alisema akiikunja. "Hii ramani iko na makosa. Mvua ilisumbua hicho chombo. Injinia wetu ndio alikuwa ananieleza saa hii."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Alikuwa amenifungulia mlango, wazi kabisa, na alichohitaji ni niseme ndiyo. Daktari alikunja uso. "Ni kweli? Makosa ya kiasi gani?"

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilikuwa nikiwaza nini, na sipati wazo hata moja. Nakumbuka tu masikio yakiwaka moto, kwamba mtu ambaye hajui hata kuwasha kidude kile amesema mbele ya watu kwamba sijui kazi.

"Hapana," nilisema. "Vipimo viko sawa. Ni mita tatu tu."

Nasimiyu alinitazama. Hakuonyesha hasira. Aliiacha ramani mezani, akaokota chupa yake ya soda, akatoka nje. Afisa mpole akaomba nakala, na Daktari akasema hakuna haja ya nakala, chukueni hiyo hiyo, ninyi ni washirika wetu. Niliiona ikiondoka chini ya kwapa la mtu nisiyemjua jina.

Jioni ile, kwenye chumba cha kukodi pale Bungoma, Nasimiyu alipika kama kawaida. Aliniwekea sahani. Nilianza kusema kitu kuhusu data, kuhusu maana ya makosa, akanikatiza.

"Kesho asubuhi tunaenda kwa Mama Barasa. Mimi na wewe."

"Nitamwambia nini?"

"Utamwambia vipimo viko sawa."

Tulimkuta amekaa mlangoni mwa jiko akichambua maharagwe kwenye ungo. Nasimiyu hakunisaidia. Nilieleza mwenyewe, nikaanza vibaya, nikazungumzia setilaiti, nikaacha, nikaanza tena. Mama Barasa hakuinua macho.

"Kwa hivyo hiyo kidude ilikuwa inaandika nyumba yangu."

"Ndiyo, mama."

"Na jina?"

"Jina hapana."

"Huku juu kuna jiko ngapi kama hii?"

Nikasema moja.

Aliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe, akayatupa pembeni, moja, jingine. Kisha akainuka akaenda kuchukua unga. Nasimiyu akasema hatutakula, mayi, tuna haraka, na Mama Barasa akamjibu kwamba hajawahi kutoa mgeni kwake na njaa, hataanza leo. Tulikula ugali na mrenda. Sijawahi kula chakula kigumu namna ile, na mrenda ndicho chakula laini kuliko vyote ninavyovijua. Tulipoaga aliniambia nimpe mkono, nikampa, akaushika, akautazama kiganja kama anatafuta kitu, akauachia.

Alikaa siku tatu. Siku ya nne alifunga nyumba, akampeleka ng'ombe kwa jirani, akaenda kwa dada yake Ndalu. Baada ya wiki mbili jirani huyo alimpata Nasimiyu sokoni Chwele akamwambia jiko la Mama Barasa limeungua lote, na nyumba imevunjwa mlango. Nani? Mmoja alisema ni watu waliokuja na gari. Mwingine alisema ni watu waliotoka msituni kwa miguu, wakauliza kwa nini mama amehama na amewaambia nini akina nani. Sijui hadi leo. Sijui hata kama ramani ilihusika. Inawezekana wale wa msituni wangekuja tu, na inawezekana wale wa gari hawakuwahi kuikunjua. Mhandisi hufundishwa kutafuta chanzo cha ufa. Nimeutafuta huu kwa miaka, nikarudi kila mara kwenye mkono ulionyooshwa kwenye mvua.

Nilifuta nukta zote za milango, kwenye kidude na kwenye kompyuta ya Kitale, kisha nikaenda kumwambia Daktari. Hakupiga kelele. Alivua miwani akasema, "Umeharibu mwaka wako." Ni kweli, niliurudia. Tasnifu yangu ya pili ilipima umbali kwa hatua, na msahihishaji aliandika pembeni kwamba mbinu ni duni. Katika miezi iliyobaki ya mradi tuliendelea kulala chumba kimoja kule Tuwan, tukisikia ugomvi ule ule nyuma ya plaiwudi. Mume akasema yake, mke akajibu. Nilingoja Nasimiyu agonge ukuta, anigeukie, aniambie. Alikuwa na haki, na nadhani ningepona kidogo. Hakuwahi kusema tena si nilikwambia, hata kwa mchezo.

Tuliachana vizuri, kama watu wanavyosema. Tulipigiana simu sikukuu. Alipata kazi na shirika la akina mama, mimi nikapata ya matangi na mabomba, mbali na kule. Siku hizi kila kijana ofisini kwangu anabeba mfukoni kidude kizuri kuliko kile changu cha manjano, na wananiona mshamba ninapowakataza kuchukua nukta kwenye mlango wa mtu. Chukueni kwenye bomba, nawaambia. Nyumbani hesabuni hatua. Wanacheka, wanahesabu. Lakini Ndalu sikwenda. Kila mwaka nilikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa uoga uliovaa nguo tofauti.

Jumamosi ya mazishi niliketi hema la nyuma. Walikuwa watu wengi, wakizungumza habari za marehemu ambazo sikuzijua: kwamba aliimba, kwamba alipanda miparachichi. Wakati wa chakula, nikiwa nimesimama na sahani ya wali na nyama, mwanamke mzee sana alikuja akishikwa mkono na msichana aliyemwita kukhu, yaani nyanya. Alikuwa amepungua, amekuwa mdogo. Shingo niliitambua.

"Injiniya," alisema. "Bado unakula umesimama."

Msichana akaleta viti viwili. Tukaketi. Nikaweka sahani mapajani.

"Nasimiyu alikuwa ananiletea sukari kila Krismasi," Mama Barasa alisema, akitazama kaburi. "Hata mwaka jana akiwa mgonjwa alikuja. Anasema, mayi, hii ni Injinia ametuma. Kila mwaka. Injinia anakusalimia, Injinia anauliza mguu."

Sikuwa nimewahi kutuma hata kijiko. Sikujua kama ana mguu unaouma. Nilitaka kusema ukweli, nikataka pia kuuchukua ule wema na kuuvaa.

"Mama, mimi..."

"Wewe hukutuma. Mimi ni mzee, si mjinga. Mtu atatuma sukari miaka hiyo yote na hata siku moja asiulize kama imefika?"

"Mbona hukumwambia unajua?"

"Ningemwambia, angeacha kukutaja. Yeye hakutaka nikukasirikie." Akafikiri. "Na nilikukasirikia. Kama miaka mitatu. Halafu nikachoka, nikawa tu nataka kujua kama uko."

Nililia hapo, mbele ya watu, kwa ajili ya Nasimiyu na kwa ajili ya jiko lile. Mama Barasa aliniacha nilie, akala nyama yangu yote, maana alisema itapoa. Nilipomaliza nilijifuta uso na kumwambia nataka kuja kwake. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mkoba, ukatoa simu, kama unavyofanya mara kumi kwa siku. Nilikuwa tayari nimeanza kumwambia yule msichana anitumie lokesheni.

"Weka hiyo," Mama Barasa alisema.

Nikairudisha mkobani.

"Kwangu mtu haji na simu. Kwangu mtu analetwa na mtu. Ukifika Ndalu simama hapo kwa stendi, huyu mtoto atakuja akushike mkono."

"Na Krismasi nilete nini, mama?"

"Sukari," alisema. "Kilo mbili. Yeye alikuwa analeta kilo mbili."